Satyendra Nath Bose: Fizikia ya Kwanta na Lugha ya Nyumbani

Utangulizi

Katika vyumba vya kupanga vya Kimumu, Eldoret, si ajabu mwanafunzi wa fizikia kusoma somo lake kwa Kiingereza, kisha akamfafanulia mwenzake kwa Kiswahili. Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya juu. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kuangalia maisha na kazi ya Satyendra Nath Bose, mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwanta, ambaye lugha yake ya Kibengali nayo ilitiliwa shaka kama hiyo.

Maisha yake

Bose alizaliwa Kolkata, India, tarehe 1 Januari 1894, nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Alisomea katika Chuo cha Presidency, na mwaka 1915 akaongoza katika mtihani wa shahada ya uzamili ya hisabati. Yeye na Meghnad Saha walitafsiri kwa Kiingereza maandishi ya Kijerumani ya Albert Einstein kuhusu nadharia ya uhusianifu. Tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1920. Mwaka 1921 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dhaka, kilichokuwa ndipo kwanza kinafunguliwa.

Mchango wake

Mwaka 1900, Max Planck wa Ujerumani alitoa kanuni ya nuru inayotolewa na kitu chenye joto, mfano wa makaa yanayowaka jikoni. Kanuni ililingana na vipimo, lakini msingi wake ulichanganya fikra za kale na mpya. Bose aliifikia kanuni hiyohiyo kwa kubadili namna ya kuhesabu.

Chukulia punje mbili za mahindi zinazotiwa katika vibakuli viwili. Kila punje ina alama zake, hivyo mipangilio ni 4: zote katika bakuli la kwanza, zote katika la pili, moja huku na nyingine kule, au kinyume chake. Chembe za nuru hazina alama ya kuzitofautisha. Kwa hiyo mipangilio miwili ya mwisho huwa mmoja, na jumla ni 3. Ikiwa kila mpangilio una nafasi sawa, uwezekano wa chembe zote mbili kukaa pamoja hupanda kutoka nusu hadi theluthi mbili.

Mnamo Juni 1924 Bose alimpelekea Einstein makala yake ya Kiingereza. Einstein aliyatafsiri mwenyewe kwa Kijerumani, yakachapishwa mwaka huohuo. Kisha aliitumia hesabu hiyo kwa atomu, akatabiri kwamba zikipozwa mno, nyingi zitaingia katika hali moja. Utabiri huo ulithibitishwa katika maabara nchini Marekani mwaka 1995.

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Bose hakupata Tuzo ya Nobel. Pete yake ni jina bosoni, ambalo Paul Dirac aliliunda kwa heshima yake.

Suala la lugha

Mwaka 1948 Bose alianzisha Bangiya Bijnan Parishad, chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, pamoja na jarida lake, Jnan o Bijnan, yaani Maarifa na Sayansi. Hakuzikataa lugha nyingine, kwani yeye mwenyewe alikuwa mfasiri. Alichokataa ni kumfungia nje ya sayansi mtu asiyejua Kiingereza.

Kiswahili nacho kimepiga hatua. Sera ya Tanzania ya mwaka 1967 ilikifanya lugha ya kufundishia shule za msingi, sayansi ikiwemo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Aidha, mfano wa punje hapo juu haukuhitaji zaidi ya maneno chembe, mpangilio na uwezekano. Ni kweli kwamba istilahi nyingi bado zinahitajika, lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa, si kwa kungojewa.

Hitimisho

Bose alifariki tarehe 4 Februari 1974. Hoja yake ilitoka Dhaka kwa Kiingereza, ikasomwa Ulaya kwa Kijerumani, wala ukweli wake haukupungua. Haitapungua Kimumu ikielezwa kwa Kiswahili.

Zoezi: Eleza kwa Kiswahili mipangilio ya chembe tatu zisizotofautishwa katika vibakuli viwili.