Majina ya Makabila Shuleni: Utani au Ubaguzi? Mfano wa Wilaya ya Kilosa

1.0 Utangulizi

Sheria ya elimu iliyoanza kutumika Januari 1962 ilifuta utaratibu wa kikoloni wa kuwatenga wanafunzi wa Tanganyika katika shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Hata hivyo, makundi ya wanafunzi hayaundwi kwa sheria peke yake. Huundwa pia kwa maneno. Makala haya yanachunguza majina ambayo jamii za wakulima na wafugaji wa Kilosa hupeana, na kazi ya majina hayo yanapoingia katika shule ya sekondari ya kijijini. Hoja inayotetewa ni kwamba kauli ya "ni utani tu", ambayo ndiyo kinga ya kawaida ya wayatumiao, haikidhi masharti ya utani wenyewe.

2.0 Mazingira ya Kijamii

Kisanga ni kata ya Wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, katika nchi ya Wasagara waliopakana na Wavidunda. Wilaya hii imepokea wageni kwa muda mrefu. Mashamba ya mkonge yalivuta vibarua kutoka mbali. Waparakuyo, wafugaji wasemao Kimaa, wamekuwamo kwa vizazi kadhaa. Wabarabaig nao walitawanyika kutoka Hanang baada ya sehemu kubwa ya malisho yao kutwaliwa na mashamba ya ngano ya serikali kuanzia miaka ya 1970. Ugomvi wa ardhi na maji umegharimu uhai: Desemba 2000, baada ya mlolongo wa migogoro, watu 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji huko Rudewa Mbuyuni, kaskazini mwa mji wa Kilosa.

Zamani wanafunzi wengi wa sekondari walipangiwa shule za bweni mbali na makwao. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, ulieneza shule za kata. Elimu iliwafikia wengi zaidi. Lakini darasa la shule ya kata huweza kuwakusanya watoto ambao wazazi wao wanagombea bonde moja. Ugomvi wa kijiji hupata dawati.

3.0 Uchambuzi wa Majina

Jina "Mmang'ati" hutumiwa kwa Wabarabaig na Wadatoga wengine, na mara nyingine kwa mfugaji yeyote. Asili yake ni neno la Kimaa lenye maana ya adui. Mtoto wa mkulima anayelitamka hurithi, bila kujua, hukumu iliyotolewa na Wamasai juu ya mahasimu wao. "Mkwavi" ni jina walilopewa Waparakuyo na watu wa nje; wao wenyewe hawajiiti hivyo. Upande wa pili nao una lake: wasemaji wa Kimaa huwaita wasio Wamasai "ilmeek", neno ambalo limebeba dharau. Hakuna jamii isiyo na msamiati wa kumtenga jirani.

Athari ya majina haya huonekana zaidi katika tungo kuliko katika kamusi. Zilinganishwe tungo zifuatazo:

(1) Neema amekaa karibu na Juma.
(2) Neema amekaa karibu na Mmang'ati.

Katika (1) anatajwa mtu. Katika (2) inatajwa aina, na mtu amefichwa nyuma yake. Pale jina la kabila linapochukua nafasi ya jina la mtu, kila tendo la mwanafunzi huyo, liwe kosa au ushindi, husomwa kuwa tendo la kundi zima.

4.0 Utani na Masharti Yake

Utani wa makabila, kama ule wa Wahehe na Wangoni uliofuata vita vyao vya karne ya 19, una masharti. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa. Pili, huambatana na wajibu: mtani anayekejeli ndiye huyo huyo anayetumika msibani. Tatu, hutambuliwa na pande zote mbili kuwa ni utani.

Darasani masharti hayo aghalabu hayatimizwi. Mwanafunzi mmoja wa jamii ya wafugaji miongoni mwa arobaini hana nguvu ya kujibu; wanaomkejeli hawana wajibu wowote kwake; na hakuna aliyemwuliza kama ameukubali mchezo. Kinachobaki ni umbo la utani lililomwagwa kiini chake.

5.0 Hitimisho

Tatizo si kutajwa kwa kabila, na kuyapiga marufuku majina hakutoshi, kwa kuwa dharau hujitafutia neno jingine. Mwalimu anayesikia "ni utani tu" anavyo vigezo vitatu vya kuipima kauli hiyo: je, upo ujibizano? Je, upo wajibu? Je, ipo ridhaa? Jibu likiwa hapana, kilichosemwa ni ubaguzi, hata kama darasa zima limecheka. Aidha, somo la Kiswahili lingeweza kufundisha asili ya majina haya pamoja na majina ambayo kila jamii hujiita. Kiswahili kimesifiwa kwa haki kuwa lugha iliyowaunganisha Watanzania. Sifa hiyo haina budi kuthibitishwa pia katika namna mwanafunzi anavyomwita mwenzake wa dawati la pili.