Boila inawaka, kisha inazimika

SWALI: Fundi, tumepanga nyumba hapa Lewiston, Maine, na chini kuna boila ya mafuta. Tangu juzi inanguruma kidogo, halafu kimya. Nikibonyeza kitufe chekundu inawaka, kisha inazimika tena. Nifanye nini?

JIBU: Kwanza, acha kukibonyeza. Boila hujizima yenyewe pale kijicho chake cha umeme kisipoona mwali. Kila ukibonyeza, mafuta hupulizwa ndani. Yasipowaka hujikusanya, na siku yakishika moto hulipuka kwa kishindo na kutapakaza masizi nyumba nzima. Kubonyeza mara moja kunatosha.

Pili, tazama geji ya tangi. Kama limekauka na muuzaji hafiki hadi kesho, dizeli galoni tano hadi kumi itawavusha usiku, petroli kamwe! Lakini tangi likikauka, hewa huingia bombani, na lazima itolewe ndipo boila iwake vizuri.

Mafuta yakiwepo, shuku chujio lililoziba, pua ya kupulizia mafuta iliyochafuka, au kijicho kilichofunikwa na masizi. Hizo ni kazi za fundi mwenye leseni. Mpigie mwenye nyumba leo: sheria ya Maine inamtaka awe na mtambo unaoweza kufikisha joto la nyuzi 68 za Fahrenheit.

Mkisikia harufu ya moshi, au king'ora cha kaboni monoksidi kikilia, tokeni nje nyote, kisha pigeni 911.