Uwanja wa Ndege Unapopanuliwa: Mfano wa Miji Jirani ya Seattle

Mkazi wa jirani na uwanja wa ndege ni mtumiaji wa huduma asiyekata tiketi. Huenda hajawahi kusafiri kwa ndege, lakini kelele humfikia kitandani, na maji ya mvua yaliyopita juu ya lami ya uwanja huishia katika kijito anachokitegemea. Somo hili linaeleza yaliyofanywa na miji iliyokutwa na hali hiyo katika jimbo la Washington, Marekani.

Uwanja wa Seattle-Tacoma ulikuwa na barabara mbili za kurukia zilizokaribiana mno. Mawingu yaliposhuka, ndege mbili hazikuweza kutua sambamba. Mamlaka ya Bandari ya Seattle, inayomiliki uwanja huo, ikaamua kujenga barabara ya tatu upande wa magharibi. Mamia ya nyumba yalinunuliwa ili kupisha mradi, bonde likahitaji kujazwa mamilioni ya mita za ujazo za udongo, na sehemu ya ardhioevu ikafukiwa.

Miji ya Burien, Des Moines, Normandy Park, Tukwila na Federal Way iliungana na wilaya ya shule ya Highline kupinga mradi. Malalamiko makubwa ya wananchi yalikuwa kelele. Hata hivyo, mji wa Marekani hauna uwezo wa kuweka saa za marufuku kwa ndege: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1973, katika shauri la mji wa Burbank, kwamba jambo hilo ni la serikali kuu. Miji ikageukia mlango uliokuwa wazi, yaani maji. Je, udongo utakaoletwa una sumu? Vijito vya Miller, Walker na Des Moines, wanamopita samaki aina ya samoni, vitabaki na maji ya kutosha wakati wa kiangazi?

Idara ya mazingira ya jimbo ilitoa kibali cha ubora wa maji mwaka 2001, na miji ikakata rufaa. Mwaka uliofuata bodi ya rufaa ilikiacha kibali kisimame, lakini ikakiongezea masharti, yakiwamo ya ubora wa udongo wa kujazia. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikubali sehemu kubwa ya masharti hayo. Barabara ya tatu ilifunguliwa tarehe 20 Novemba 2008. Kwa hiyo miji haikuuzuia mradi, ila mradi uliojengwa ulibanwa kuliko ule ulioombwa. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo si ndogo kwa anayeishi kando ya kijito.

Kuhusu kelele, msomaji aliangalie kwa makini neno “wastani”. Kipimo kinachotumika Marekani hujumlisha kelele za saa 24, na kila ndege inayopita kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi huongezewa desibeli 10, yaani huhesabiwa kama ndege kumi za mchana. Chini ya desibeli 65 za wastani huo, eneo huhesabiwa kuwa linafaa kwa makazi. Lakini mtoto haamshwi na wastani. Huamshwa na ndege moja. Basi ukionyeshwa ramani ya kelele, uliza pia idadi ya ndege za usiku.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi kuanza, na wananchi wanaoguswa washirikishwe. Mapitio ya tathmini hufanywa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Usingoje matingatinga yafike. Ukisikia mradi umetangazwa, ulizia taarifa ya tathmini, soma kwanza sehemu za maji ya mvua, udongo na safari za usiku, kisha toa maoni yako kwa maandishi, yenye tarehe na jina la mtaa wako. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani kwako.