SOMO: VITABU VYA SAFARI ZA ANGANI, VINADANGANYA AO VINAFUNDISHA?



Rafu ya biblioteki yetu ni moja tu, na vitabu vya kutayarisha Exetat vinaongezeka. Njo maana kamati imeuliza kama hadithi za mwezi na nyota zitolewe, ili vitabu vya masomo vipate nafasi. Kabla ya kukata neno, nilipewa kazi ya kuuliza wasomaji namna wanavyoviona. Nilizunguka madarasa yote, hata kwa wadogo. Ninawaletea maneno yao na yangu pia, kwa maana mimi sikubali vitolewe vyote.

Wengine walinijibu kwa hasira kidogo: "Mbinguni ni kwa Mungu, bantu banaenda kutafuta nini kule?" Tusichanganye. Kiswahili chetu kinatumia neno mbingu kwa vitu viwili: makao ya Mungu, na tena ile anga yenye jua, mwezi na nyota. Vitabu hivi vinasema juu ya ile ya pili. Anayesoma Zaburi ya 8 anajua kwamba hata mtunga zaburi aliutazama mwezi na kuuliza swali.

Tuanze na mzee wao wote. Jules Verne, Mfaransa, alitoa De la Terre à la Lune mwaka 1865, na sehemu ya pili, Autour de la Lune, mwaka 1870. Watu watatu wanafungiwa ndani ya risasi kubwa, wanapigwa kwa mzinga kutoka Florida, wanazunguka mwezi, kisha wanaanguka katika bahari ya Pasifiki. Wasomaji wengi walisifu kitabu hiki, na ni haki yao. Watu watatu wa Apollo 11 waliondoka Florida tarehe 16 Julai 1969, na tarehe 24 wakaangukia Pasifiki vilevile. Mzee alikisia miaka mia moja mbele.

Lakini kijana mmoja wa math-fizika alikuja na kalamu. "Verne anadanganya mu hesabu," akasema. Tukakaa chini. Mzinga wa Verne una urefu wa futi 900, ni kusema mita 274. Risasi inatoka na mwendo wa karibu kilomita 11 kwa sekunde. Chukueni ile formula tunayoijua wote: mwendo mara mwendo, gawanya kwa urefu mara mbili. Utaona kwamba mwendo ule unaongezeka kwa nguvu mara 22,000 na zaidi kupita jiwe linaloanguka toka mkononi. Mtu wa kilo 60 angejisikia na uzito wa zaidi ya tani 1,300! Verne aliweka maji chini yao kama godoro. Maji hayo hayangeokoa hata kuku waliobeba.

Je, ni sababu ya kukitoa? Mimi ninaona kinyume. Kitabu kinachoandika hesabu zake waziwazi kinampa msomaji ruhusa ya kukisahihisha. Saa ile nzima tulifanya zoezi la kinematiki bila mtu kutulazimisha, na profeseri wa fizika akasimama mlangoni kutusikiliza.

Juu ya Tintin maneno yalikuwa mengi zaidi. Hergé, Mbelgiji, alitoa vitabu viwili vya picha, Objectif Lune mwaka 1953 na On a marché sur la Lune mwaka 1954. Wanafunzi wawili walikataa hata kuvifungua, juu yule mwandishi njo alituchora vibaya katika Tintin au Congo tangu 1930. Ninawaelewa. Wengine walibishana juu ya Wolff, yule mhandisi msaliti anayetoka nje ya roketi na kupotea angani ili wenzake wabaki na hewa ya kupumua. Alijiua, ao alitoa uhai wake kwa rafiki zake? Bwana aumônier aliombwa kukata neno, naye akaturudishia swali. Tena kuna jambo moja la ajabu: Tintin anakuta barafu ndani ya pango la mwezi, na mwaka 2009 Wamarekani waligonga shimo lenye giza karibu na ncha ya kusini ya mwezi na kukuta maji ya barafu kweli.

Lakini neno lililonigusa ni la dada mmoja, ambaye babu wa mama yake alifanya kazi Union Minière. Alisema: "Mule mu kitabu banaonyesha roketi, banaonyesha ba-savant, lakini ule mwenye kuchimba haonekane."

Fikirini maana yake. Roketi ya Tintin inaendeshwa kwa nguvu ya atomi. Kituo chake kimejengwa Syldavie, nchi ya kubuni kule Ulaya, karibu na milima yenye urani nyingi. Sasa urani ya kweli ilikuwa wapi? Shinkolobwe, karibu kilomita 20 tu magharibi ya Likasi yetu. Ilivumbuliwa mwaka 1915, na Union Minière ikaanza kuchimba mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radiumu. Mwaka 1942 Wamarekani wakaanza kuinunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwetu. Hergé alipoanza kuchapisha hadithi ile mwaka 1950, Kongo ilikuwa koloni ya nchi yake na mgodi ulikuwa bado unafanya kazi, lakini habari zake zilifichwa sana. Basi katika hadithi mlima wetu ulihamishwa Ulaya, na wachimbaji wakabaki bila picha. Mimi ninasema kitabu hicho kibaki rafuni, na kila anayekiazima akisome akitazama upande wa Shinkolobwe.

Wengine walisema: haya ni mambo ya wazungu, hayatuhusu sisi. Kumbe yalifika mpaka kwetu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilipewa na Mobutu eneo kubwa kaskazini mwa jimbo letu, ambalo wakati ule liliitwa Shaba, upande wa Manono. Walirusha roketi tarehe 17 Mei 1977, tena tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikapotea njia na kuanguka. Mwaka 1979 wakafunga kazi. Hadithi hiyo haijapata kitabu katika rafu yetu. Mmoja wenu aiandike.

Mwandishi Mwafrika tunaye mmoja tu hapa: Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville, mtu aliyefundisha kemia. Katika Jazz et vin de palme, kitabu cha mwaka 1982, wageni wa angani wanavamia dunia, na silaha inayowashinda ni pombe ya mangazi pamoja na muziki wa jazz. Nilicheka mpaka machozi. Profeseri mmoja aliuliza kama shule ya Waprotestanti inaweza kuweka rafuni hadithi ambamo pombe inaokoa ulimwengu. Nilimjibu kwa heshima kwamba wanaokunywa mule ni wale wavamizi, na ndiyo inayowaharibu.

Le Petit Prince, cha Saint-Exupéry, 1943, wadogo wanakipenda. Kwangu si kitabu cha nyota, ni cha urafiki. Kibaki, ni chembamba.

Kimoja ninaomba kitoke. Ni Présence des extraterrestres cha Erich von Däniken, Mswisi, kilichotoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 1968. Vijana watano waliniambia njo kitabu cha kweli kupita vyote! Hicho njo kinanitia hofu. Verne na Hergé wanasema tangu mwanzo kwamba wanasimulia hadithi, kwa hiyo hawamdanganyi mtu. Huyu anasema anafundisha historia, na anataka tuamini kwamba watu wa kale, hata Wamisri wenye piramidi, hawakuweza kazi zao bila wageni kutoka nyota. Ushahidi uko wapi? Mwaka 2013 kwenye pwani ya Bahari Nyekundu yalipatikana makaratasi ya mafunjo ya mkubwa mmoja wa kazi, jina lake Merer. Aliandika siku kwa siku namna kundi lake lilivyobeba mawe kwa mashua kwa ajili ya piramidi ya Kheops. Hao walikuwa watu wa Afrika, wenye jasho. Kumnyima mtu kazi ya mikono yake ni wizi, hata kama kitabu kina picha nzuri. Kama profeseri wa historia anakitaka kwa kufundisha, akiweke kwake.

Kamati itakutana Ijumaa nyuma ya masomo. Mwenye neno lingine aniletee kwa maandishi, na jina lake chini. Tena, sehemu ya pili ya Tintin haionekane tangu mwezi uliopita. Aliye nayo airudishe, juu wadogo wa mwaka wa kwanza wamesoma ya kwanza na wananiuliza kila asubuhi kama ile roketi ilifika.