Kulanti Pasipo na Barafu

Barafu pekee inayoshuka huku kwetu Kaniha ni mvua ya mawe. Hata hivyo, madumu ya kulanti, kimiminika cha kupozea injini, yanauzwa kando ya barabara ya malori yaendayo Rusumo, na mengi yana maandishi kwamba ukichanganya nusu kwa nusu na maji, hakigandi kitu mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Ya nini huku?

Tuanze na maji yenyewe. Yakiwa kimiminika, molekuli zake hupishana ovyo. Yakiganda, hushikana kwa mpangilio wa pembe sita wenye uwazi katikati, nao unataka nafasi zaidi: ujazo huongezeka kwa asilimia 9 hivi. Jaza chupa ya kioo mpaka shingoni, ifunge, iache kwenye friza. Asubuhi utaokota vipande.

Ndiyo hofu ya wenye magari-nyumba kule Kanada majira ya baridi yakikaribia. Humwaga maji ya tangi na ya hita, huitenga hita kwa valvu, kisha pampu huvuta kimiminika cha waridi kutoka dumuni huku wakifungua bomba moja moja, la baridi na la moto, mpaka uwaridi utoke. Kidogo humiminwa pia kwenye kona ya bomba chini ya sinki, maana pale maji hayakauki.

Kimiminika hicho kwa kawaida ni glaikoli. Molekuli zake hujipenyeza kati ya zile za maji na kuzizuia kujipanga. Lakini glaikoli haina miujiza ikiwa peke yake: ethilini glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ni mchanganyiko unaofika 37, kwa sababu kila kimoja hukivurugia kingine.

Sasa lori. Kulanti ya rejeta nayo ni glaikoli iliyochanganywa na maji, na vurugu hiyohiyo huyachelewesha maji kuwa mvuke, kwani juu ya mchanganyiko molekuli za maji zilizo tayari kuruka ni chache. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kulanti huongeza kama 7. Si nyingi, na hapo wauzaji hutia chumvi. Kazi kubwa ni ya mfuniko wa rejeta, ambao kwa kubana mvuke huongeza nyuzi zipatazo 20. Mpira wake ukichoka, gari litachemsha hata kwa kulanti ya bei mbaya. Kwa huku kwetu naithamini kulanti zaidi kwa dawa zake za kuzuia kutu, ambazo maji ya mtoni hayana.

Ya magari-nyumba kwa kawaida ni propilini glaikoli, isiyo na madhara kwa kiasi kinachobaki mabombani. Ya rejeta kwa kawaida ni ethilini: tamu ulimini, na mwilini hugeuka asidi na kuharibu figo. Rangi haikuambii ipi ni ipi, maana kulanti za waridi nazo zipo. Dumu la kulanti lisitekewe maji ya kunywa, na iliyomwagika chini ya lori imwagiwe mchanga na kuzolewa kabla mbwa hajaonja.