Kisa ni Chako, Ila Mama Naye Yumo

Mwanangu wa Kibondo,

Barua yako ina kurasa nne kuhusu baba aliyewaacha mkiwa wadogo, na sentensi moja tu kuhusu mama. Unasema umetunga igizo la mtu mmoja juu ya maisha yako, ukaliigiza kwenye mahafali, ukumbi mzima ukalia. Sasa kikundi cha Kasulu kimekualika, lakini mama hasemi nawe na mjomba anadai umeivua nguo familia. Unauliza kama uache.

Usiache. Lakini turudi kwenye ile sentensi moja uliyoipita mbio: watu walicheka ulipomwigiza mama akiwabembeleza walevi walipe pombe yake ya ndizi. Mwanangu, kwa nini walicheka? Na mama alikuwa ameketi wapi? Wewe unadhani amekasirika kwa sababu umemtaja baba. Mimi naona kinachomuuma ni kile kicheko. Pombe ile ndiyo iliyokununulia daftari, na leo yeye ni mama wa kwaya anayeheshimiwa kanisani. Siri ya mtungi aijuaye kata, nawe umeimwaga bila kuiuliza kata.

Unaandika pia kwamba ukweli haungoji. Hungoja, tena sana. Mganda George Seremba alikamatwa na askari Desemba 1980, wakati wa uchaguzi, wakampiga risasi na kumtupa katika msitu wa Namanve, nje ya Kampala. Akanusurika, akakimbilia Kenya, baadaye Kanada. Igizo lake la mtu mmoja, *Come Good Rain*, lilipanda jukwaani Toronto mwaka 1992. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Tena halianzi na risasi. Linaanza na hadithi ya binti aliyezikwa hai na mama wa kambo, hadithi ya kusimuliwa watoto, ndipo mtazamaji anafikishwa kwenye msitu ule akiwa tayari ameshikwa mkono. Wewe unaanza kwa kupiga kelele jina la baba yako! Nami nakuelewa, una hasira, na hasira yako ina haki. Ila jina lake lifiche, na kijiji chake pia. Bado yu hai, ana watoto wengine wadogo wanaosoma shule za huko huko.

Machozi ya ukumbi yasikudanganye. Kasulu ni wilaya yenye kambi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu 1996 na Warundi wengi kuanzia 2015. Watakaokuja kukutazama huenda wana visa vizito kuliko chako, kulia wanakujua. Wape kitu zaidi ya kilio.

Mkenya Shailja Patel alijenga igizo lake, *Migritude*, juu ya sari ambazo mama yake alimwekea sandukuni kwa ajili ya ndoa. Binti hakuolewa, mama akampa hata hivyo. Sari zile zikapanda naye jukwaani, na sauti ya mama ikapata nafasi yake humo. Mama yako kwenye igizo lako amepata nini zaidi ya kuchekwa?

Kwa hiyo, kabla ya Kasulu, muigizie yeye kwanza. Nyumbani, peke yake, kwa Kiha, maana ndicho anacholilia na kuchekea. Akikuambia pombe itoke, itoe, hata kama ndiyo sehemu uliyoipenda kuliko zote. Itakuuma, najua. Lakini anaweza pia kukushangaza akakwambia, "Hukusema vizuri, mimi nilikuwa nawadai hivi," akasimama akakuonyesha. Hapo utakuwa umepata igizo bora kuliko lile la mahafali.

Kuhusu wazo lako la kuacha ualimu ili uishi kwa jukwaa, hapana, bado. Patel mwenyewe alisomea uhasibu. Shika chaki yako, fanya mazoezi jioni.

Kama tarehe ya Kasulu iko karibu mno, waombe waisogeze. Watu wa sanaa wanaelewa. Nenda kwa mama Jumapili hii baada ya ibada. Mjomba mwache kwanza, yeye atamfuata dada yake. Kisha niandikie mama amesema nini, na safari hii mpe kurasa zake.