Antena ya Nyumbani: Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?

Picha ya runinga inapoganda katikati ya taarifa ya habari, wengi huilaumu antena iliyo juu ya paa. Baadhi hununua nyingine siku iyo hiyo, na jioni picha huganda vilevile. Wakazi wanashauriwa kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kutoa pesa.

Kenya ilizima mitambo ya analogi mwaka wa 2015. Tangu hapo, matangazo hurushwa kwa mfumo wa dijitali wa DVB-T2, katika masafa ya UHF. Zamani mawimbi yakidhoofika, picha ilijaa chenga lakini ilionekana. Siku hizi picha hubaki safi hadi mawimbi yapungue kupita kiasi, kisha hukatikakatika au hupotea kabisa. Ndiyo maana hitilafu ndogo ya waya huweza kumfanya mtu adhani antena imekufa.

Hatua za kufuata kabla ya kununua

1. Kuuliza majirani. Iwapo nao wamepoteza chaneli zizo hizo, huenda tatizo liko kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Hapo hakuna haja ya kugusa antena.

2. Kukagua king'amuzi. Menyu yake huonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Chaneli zitafutwe upya, na plagi ya antena ikazwe.

3. Kufuata waya kutoka king'amuzi hadi juu. Jua hupasua ganda la waya, maji huingia na shaba hubadilika rangi. Waya uliounganishwa kwa utepe mahali pengi hupoteza mawimbi. Ni heri kuweka waya mmoja mzima kuliko kununua antena mpya.

4. Kuangalia uelekeo. Upepo huweza kuzungusha mlingoti. Antena za majirani wanaopata picha nzuri huonyesha upande unaofaa, na pia kama vijiti vinalazwa au vinasimamishwa. Mtu mmoja ageuze antena polepole, akitua kidogo kila mara, huku mwenzake akisoma kipimo cha ubora.

Wakati wa kununua mpya

Antena inafaa kubadilishwa ikiwa vijiti vyake vimevunjika, au kutu imekula mahali waya unapofungwa, jambo la kawaida karibu na bahari kwa sababu ya chumvi. Vilevile ibadilishwe ikiwa ni ile ya zamani ya VHF, yenye vijiti virefu. Vijiti vya UHF ni vifupi, takriban urefu wa rula ya shule au chini ya hapo.

Wanunuzi wasivutwe na maandishi ya "antena ya dijitali" kwenye boksi. Antena yoyote nzuri ya UHF hupokea matangazo ya dijitali. Kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi nacho hakiponyi waya mbovu, na kwa aliye karibu na mtambo huweza kuharibu picha zaidi.

Usalama kwanza

Mlingoti wa chuma ukigusa nyaya za umeme unaweza kuua. Usimamishwe mbali na nyaya hizo, kwa umbali unaozidi urefu wake, ili hata ukianguka usizifikie. Mlingoti ulioegemea nyaya usiguswe na mtu yeyote. Kampuni ya umeme ijulishwe mara moja.

Hakuna anayepaswa kupanda paa la mabati likiwa na unyevu. Mawingu ya radi yakianza kukusanyika, waya wa antena uchomolewe kwenye king'amuzi mapema. Ngurumo zikishaanza, usiguswe tena.

Asiye na ngazi imara au uzoefu wa kupanda amwite fundi. Akishajua kwamba kasoro ni ya waya, atamlipa kwa kazi ya waya tu.